Braya, mpingo au gunzi: mchongaji wa Mwanza atengeneze kiko kwa kitu gani?

Mnunuzi akishika kiko hutazama kwanza umbo, mng'ao na mistari ya mbao. Akishakiwasha, hukumu yake inahamia ndani: moshi unapita kwa raha au unavutwa kwa nguvu, kiko kinabaki kikavu au kinagugumia maji, ukuta unapata moto wa kuvumilika au unachoma vidole. Kwa hiyo ninapolinganisha mbao, vipande, mashine na vidomo (sehemu inayoshikwa kwa meno), nauliza swali moja kwa kila kimoja: kitanisaidia kupata tundu sahihi, na tundu hilo litadumu?

Vipimo vyenyewe si siri. Shimo la tumbaku kwa kiko cha kawaida lina upana wa milimita 19 au 20 na kina cha milimita 40 hivi, na chini yake ni duara. Njia ya moshi inayopita kwenye shingo ina milimita 3.5 hadi 4, nayo lazima itokeze chini kabisa ya shimo, katikati. Ikitokeza juu kidogo, tumbaku ya chini haiungui na maji yanatuama pale. Ikitokeza pembeni, moto unakula upande mmoja wa ukuta. Ukuta usipungue milimita 6, na sakafu vilevile. Mengine yote ni uhuru wa mchongaji.

Jambo moja kwa atakayeuza: tumbaku inadhuru afya, na biashara ya bidhaa zake ina sheria yake tangu mwaka 2003. Kiko ni chombo cha mtu mzima. Usimuuzie mtoto, hata akisema ametumwa na babu yake.

Mbao ya nje na vitu vya kwetu

Braya haitoki kwenye shina la mti. Ni nundu inayoota kati ya mizizi na shina la kichaka kinachoitwa kitaalamu Erica arborea, kwenye nchi kavu na zenye mawe kuzunguka Bahari ya Mediterania: Italia, Ugiriki, Hispania, Algeria, Moroko, kisiwa cha Corsica. Nundu ya kufaa huchukua miongo kadhaa kukua. Ikichimbwa hutunzwa na unyevu isipasuke, inakatwa vipande, inachemshwa kwa saa nyingi kutoa utomvu, kisha inakaushwa taratibu kwa miezi, pengine zaidi ya mwaka. Mji wa Saint-Claude, kwenye milima ya Jura nchini Ufaransa, ulijijengea jina kwa mbao hii katika karne ya 19, na mpaka leo ndiyo kipimo ambacho mbao nyingine zote hupimwa nacho.

Sababu iko kwenye nyuzi. Za braya zimesukana, kwa hiyo haipasuki kirahisi inapopata moto upande mmoja na baridi upande mwingine. Ni ngumu lakini inanyonya unyevu wa moshi na kuuachia kiko kikipumzika. Na kwa mchongaji, inakubali tupa kutoka pande zote bila kung'oka vibanzi. Ukishazoea mninga au mkongo, utashangaa jinsi tupa inavyoteleza juu yake na kuacha unga mwekundu mlaini kama ugoro.

Wapo watakaokuambia mti huu upo Tanzania. Ni kweli, Erica arborea na ndugu zake wanaota kwenye milima mirefu ya Afrika Mashariki, Kilimanjaro ikiwemo, juu ya msitu mnene. Lakini huko ni Hifadhi ya Taifa, na ukanda ule wa mierika umeshaumizwa vya kutosha na moto. Mtu akikuletea nundu akisema imetoka Kilimanjaro, mrudishe nayo. Braya halali inaagizwa, na kwa kuwa ni zao la mmea, uliza kwanza kwa TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, masharti ya kuiingiza nchini kabla hujalipa.

Sasa weka mpingo pembeni yake. Kila mchongaji wa Tanzania anaanza kuuwazia mpingo, na ana haki: ni mzito, mweusi, unang'aa wenyewe, na dunia inautumia kwenye zumari za Ulaya kama klarineti. Kwa tundu, utaipenda kazi yake, kwa sababu biti ya drili ikiingia inaacha ukuta laini kama kioo. Tatizo linakuja kwenye moto. Mpingo una mafuta na haunywi maji, kwa hiyo kiko chake huwa kinalowa haraka, na joto la ghafla huweza kuupasua. Vumbi lake linawasha ngozi na kifua cha watu wengi, barakoa si hiari. Pia upo kwenye Kiambatisho II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, pamoja na karibu jamii yake yote ya Dalbergia tangu mwaka 2017, hivyo ukifikia kupeleka mzigo nje ya nchi kuna vibali vya kufuatilia. Mimi nauchagua mpingo kwa kazi moja ambayo hakuna mbao inayouzidi: pete nyembamba kati ya shingo ya braya na kidomo. Wekundu ule wa braya na weusi wa mpingo vikikutana, mteja haulizi tena kiko kimetengenezwa wapi. Anaona.

Mzeituni pori uko karibu zaidi na braya kwa tabia. Wachongaji wa viko wa Mediterania wanautumia, una mistari ya kahawia inayovutia, na unavumilia moto kiasi. Sharti lake ni ukavu. Kipande kilichokatwa mwaka huu hakifai, kwa sababu ukikitoboa kingali na maji, tundu la duara litageuka yai baada ya kiangazi, na ulimi wa kidomo, ile ncha inayoingia kwenye shingo, utalegea. Ukipata kigogo chenye hati ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, kikate vipande vikubwa kuliko unavyohitaji, paka nta kwenye ncha zake, kiweke kivulini penye hewa na ukisahau. Kwa mtu asiye na mtaji wa kuagiza, huu ndio mti wangu wa kwanza.

Gunzi wengi wanalidharau, ilhali kuna kiwanda Marekani, Missouri Meerschaum cha mji wa Washington, Missouri, kinachotengeneza viko vya gunzi tangu mwaka 1869. Gunzi linanyonya unyevu kuliko mbao yoyote na moshi wake ni mkavu na mtamu. Udhaifu wake kwetu ni kwamba mahindi yanayolimwa kandokando ya ziwa yanatafutiwa punje, magunzi yake mengi ni membamba, na ukitoboa milimita 19 hubaki na ukuta wa karatasi. Chagua yale manene, yakauke sana, toboa milimita 16 tu. Kiko hicho hakidumu miaka, lakini kinakufundisha kutoboa bila hofu ya kuharibu kitu cha bei. Kijana akija kwangu kujifunza, ataanzia hapo.

Kuna udongo wa kuchoma, ambao hauongezi ladha yoyote kwenye tumbaku ila unachoma mkono na kuvunjika ukianguka. Kazi yake ni ya mfinyanzi, siyo yetu.

Halafu kuna jiwe jeupe la mirishamu, na hapa Tanzania ina historia yake. Bonde la Amboseli, upande wetu wa mpaka na Kenya kule Longido, lina madini haya, na kampuni ya Tanganyika Meerschaum Corporation ya Arusha ilitengeneza viko vyake na kuviuza duniani kwa jina la Kiko, vyenye alama ya tembo. Wakusanyaji wa viko Ulaya na Marekani bado wanavitafuta. Jiwe hilo ni jepesi, likiloweshwa linachongeka kwa kisu, na kadiri linavyovutwa linageuka kutoka weupe kwenda rangi ya asali. Likilinganishwa na braya, linazidi kwa ukavu wa moshi na linashindwa kwa udhaifu: likianguka sakafuni, kwaheri. Kwa aliye Mwanza bila mtu wa kuaminika wa kumletea jiwe lenye nyaraka za madini, ni ndoto nzuri ya baadaye.

Kipande cha braya: kilichotobolewa tayari, eboshoni au plato

Ukishaamua braya, muuzaji atakupa vitu vya aina tatu, na bei zinapanda kwa mpangilio huo.

Cha kwanza ni kipande kilichotobolewa tayari. Shimo la tumbaku lipo, njia ya moshi ipo, kidomo kimeshaingizwa na kinakaa sawasawa. Wewe unaletewa kama tofali lenye mdomo, na kazi yako ni kuondoa mbao isiyohitajika. Mafundi wengine wanaona huku siyo kutengeneza kiko. Siwaungi mkono. Kazi ngumu kuliko zote, ile ya kuoanisha matundu matatu ndani ya mbao usiyoiona ndani, imefanywa na mashine ya mtu mwenye uzoefu, na wewe unabaki na tupa, msasa na jicho lako. Hakuna keezo, yaani mashine ya kukereza, linalohitajika. Umeme ukikatika Igoma mchana kutwa, unaendelea kuchonga barazani. Ubaya wake ni mmoja: umbo limeshaamuliwa nusu. Tundu likiwa limenyooka, huwezi kupinda shingo, na ukitaka kichwa chembamba utakuwa unacheza na ule ukuta wa milimita 6.

Eboshoni ni kipande cha mstatili kilichokatwa kwa ndani ya nundu, nyuso zote laini, hakina tundu. Bei yake ni ya kati. Kwa sababu pembe zake ni mraba, kinakaa vizuri kwenye jiliwa (kibano cha mezani) na kwenye keezo, na hilo pekee linatosha kumfanya anayejifunza kutoboa akichague. Mistari yake mara nyingi imekaa ovyo, upande huu macho ya ndege, yaani viduara vidogo, upande ule mawimbi. Umbo la kawaida, kichwa cha mviringo na shingo iliyonyooka, linafichwa humo bila shida.

Plato inakatwa upande wa nje wa nundu, na mgongo wake bado una magamba ya asili. Nyuzi zinakimbia kutoka kiini kwenda kwenye gamba, hivyo ukiweka gamba juu, pale mdomo wa shimo utakapokuwa, mistari inapanda wima kuzunguka kichwa chote, na macho ya ndege yanajitokeza juu na chini. Hii ndiyo mbao iliyowapa mafundi wa Denmark uhuru wa maumbo yao yasiyofuata kanuni, wakiongozwa na Sixten Ivarsson, Mswidi aliyefanyia kazi yake Copenhagen. Ni nzuri mno. Pia haina upande hata mmoja ulionyooka, kwa hiyo kuishika imara chini ya drili ni mtihani, na ughali wake unaumiza ukikosea pembe kwa digrii tatu.

Kuna bahati nasibu ambayo bei haikuokoi nayo. Braya yoyote, ya bei ya chini au ya juu, inaweza kuwa na vijishimo vya mchanga ndani, mawe madogo ambayo nundu iliyameza ikikua. Hayaonekani mpaka tupa iyafikie. Kikiwa kijishimo kidogo cha juujuu, badilisha mpango: kwaruza uso wote wa kichwa kwa makusudi, kwa misumari mitatu minne iliyofungwa pamoja na kunolewa, upate gamba kama la mti mkavu. Ndiyo heshima ya muda mrefu ya kazi hii. Alfred Dunhill aliomba hataza ya uso uliopigwa mchanga mwaka 1917, na viko hivyo bado vinauzwa kwa fahari. Ila kijishimo kikiwa ndani ya shimo la tumbaku, au kikipenya ukuta, kipande hicho usikiuze.

Uamuzi wangu kati ya vitatu: viko vya mwanzo vitoke kwenye vipande vilivyotobolewa tayari, hadi mkono wako uweze kufanya kichwa na shingo vikutane bila nundu wala bonde. Kisha eboshoni. Plato usiiguse kabla hujaweza kutoboa eboshoni mara nyingi mfululizo na njia ya moshi ikatokea palepale ulipopachora kwa penseli.

Keezo au drili ya kusimama

Mwanza ina mafundi wengi wa keezo. Wanakereza miguu ya vitanda, nguzo za ngazi na vinu, na ukienda Nyakato hukosi mtu. Lakini keezo la miguu ya kitanda limeundwa kushika mti mrefu kati ya ncha mbili. Kiko kinataka kishikio cha taya mbili kinachoshika kipande kwa ubavu na kukizungusha hewani, huku biti ikiingia kutoka mbele. Keezo la namna hiyo likiwepo, ndilo bora: shimo la tumbaku na uso wa nje wa kichwa vinatoka kwenye mhimili mmoja, na ukuta unakuwa sawa kuzunguka kote. Shingo nayo ukiikereza kwenye mpangilio uleule uliotobolea, kidomo na shingo vinakutana bila ukingo. Mkono hauwezi kushindana na usahihi huo.

Drili ya kusimama, ile yenye meza chini, ni ya bei nafuu na ipo karakana nyingi. Kwa hiyo ndiyo nitakayoieleza zaidi, maana ndiyo wengi wataitumia.

Chora umbo la kiko ubavuni mwa kipande, pamoja na mistari ya matundu yote, kwa vipimo halisi. Anza na shimo la tumbaku, kipande kikiwa wima kwenye jiliwa. Biti ya kawaida inaacha sakafu bapa, nasi tunataka duara. Chukua biti bapa ya milimita 20 na mpelekee fundi wa jiwe la kunolea aikate mabega iwe na ncha ya kijiko, huku makali yakiwa pande zote mbili. Mweleze kazi yake ni nini. Wakishaona mchoro, mafundi wetu wa chuma hufanya kazi hii vizuri.

Halafu geuza kipande, uso wa shingo ukitazama juu, na ukibane upya. Toboa tundu la ulimi, milimita 8 kwa upana na 20 kwa kina. Usilegeze jiliwa. Badilisha biti tu, weka ya milimita 4 iliyo ndefu, na uendelee humohumo. Kwa kuwa kipande hakijasogea, tundu la ulimi na njia ya moshi vitakaa kwenye mstari mmoja, na hapo ndipo viko vingi vya kienyeji hukwama. Biti ndefu nyembamba inapenda kufuata nyuzi. Fundi mmoja wa keezo aliniambia kwa maneno ambayo nami huwaambia vijana: "Mzee, ukiisukuma itakukimbia. Iache ile yenyewe." Mwendo wa taratibu, itoe kila baada ya sentimita moja umwage unga, isipate moto.

Kujua kama umefika, chukua spoku ya baiskeli iliyonyooka, pitisha kutoka upande wa kidomo, na mulika shimo la tumbaku kwa tochi ya simu. Ncha ya spoku inatakiwa ichungulie ikiwa imegusa sakafu, sawasawa na katikati. Ikionekana imening'inia milimita mbili juu, bado una nafasi: rudisha biti ya kijiko, ila pima sakafu iliyobaki kwanza. Ikiwa chini kuliko sakafu, imeacha mfereji, na mfereji huo utajaa maji daima.

Katika karakana iliyo na keezo lisilo na kishikio sahihi na drili nzuri ya kusimama, chagua drili. Uso wa nje utaumaliza kwa tupa, na tupa inapatikana kila mahali.

Kidomo na hewa ya ziwa

Ebonaiti ni mpira mgumu. Meno yanaipenda kwa sababu inakubali kidogo, inachongeka kwa tupa nyembamba, na ikipashwa joto la polepole unaipinda upendavyo. Jua linaifanya iwe ya kijani na ladha chungu, hivyo mwenye kiko lazima aisugue mara kwa mara. Akriliki haibadiliki rangi wala ladha, inang'aa miaka, ila ni ngumu kwenye meno na inakataa haraka ya fundi: ukiipasha kupita kiasi inafanya mapovu. Kwa jua la Mwanza na mteja ambaye hatakuwa na muda wa kusugua, natoa akriliki. Kwa mzee anayevuta kila jioni na kushikilia kiko kwa meno bila mkono, natoa ebonaiti, naye mwenyewe ataijua tofauti.

Ulimi wa kidomo unapaswa kuingia kwa kuzungushwa taratibu, bila kucheza. Hapa hewa ya ziwa ina neno lake. Braya iliyotoka nchi kavu ikifika hapa wakati wa masika inanywa unyevu na tundu linabana. Iliyopimwa masika italegea Julai. Kipande kipya kikae karakanani wiki kadhaa kabla ya kutobolewa, na ukipima ulimi uuache mnene kidogo kuliko unavyodhani unatosha. Ukibana sana baadaye, sugua ulimi kwa risasi ya penseli. Mteja naye aambiwe asichomoe kidomo kiko kikiwa cha moto, kwani shingo nyingi hupasukia hapo.

Kwa umaliziaji, mafundi seremala wa hapa watakushauri vanishi. Kwa kabati, sawa. Kwenye kiko inaziba vinyweleo vya mbao na ikipata joto inatoa malengelenge, kwa hiyo chagua rangi ya spiriti kisha nta ya kanauba iliyopigwa kwa gurudumu la kitambaa. Nta inaisha baada ya muda na inapakwa tena, na ndani ya shimo la tumbaku usipake chochote kati ya hivyo.